Jeraha Lililo Ndani: Mazungumzo juu ya Jeli Zinazolinda Viungo Baada ya Upasuaji

Matini ya mazungumzo ya huduma za afya kwa wakazi wa kata za Kibondo na Kasulu



Mtu anaporudi nyumbani baada ya kupasuliwa tumbo, macho ya nyumba nzima huelekea kwenye mshono wa nje. Jirani huuliza kama umekauka, mama mkwe huuliza kama unatoa maji, na mume huhesabu siku hadi nyuzi zitolewe. Uangalizi huo ni wa haki, kwani mshono uliooza umewahi kuua. Hata hivyo mshono wa nje ni mlango tu. Nyuma ya mlango huo limo jeraha la pili, pana kuliko la kwanza, nalo hupona au huharibika pasipo mtu yeyote kuliona. Mazungumzo haya yanalihusu jeraha hilo la pili, na yanahusu pia kitu ambacho hospitali za nchi nyingi huliwekea: ute wa kinga, au jeli, inayokaa kwa siku chache kati ya kiungo na kiungo, kisha ikayeyuka na kutoweka yenyewe.

Tumbo la binadamu limetandikwa kwa ndani utando mwembamba unaong'aa na wenye unyevu. Utando huohuo umeufunika utumbo, mfuko wa uzazi, kibofu na mirija ya uzazi. Kwa sababu ya utelezi wake, utumbo wenye urefu wa mita kadhaa huweza kujikunja na kujikunjua mchana na usiku bila kukwaruzana na chochote. Kisu kinapopita, au kidole kinapousugua, au hata pamba kavu inapougusa, utando huo huchubuka. Mwili hujibu mara moja. Ndani ya saa chache hutoa protini iitwayo faibrini, ileile inayogandisha damu kwenye kidole kilichojikata, nayo hutanda juu ya mchubuko kama gundi.

Hapo ndipo yanapofika maamuzi. Ikiwa sehemu iliyochubuka imekaa peke yake, mwili huimeng'enya gundi ile na kuotesha utando mpya, na kazi hiyo huchukua takriban siku tano hadi saba. La ajabu ni kwamba mchubuko mkubwa hauchukui muda mrefu sana kuliko mdogo. Kidonda cha ngozi huziba kutoka pembezoni kuja katikati, ilhali utando wa tumbo huota mahali pote kwa wakati mmoja, kama majani ya shamba zima baada ya mvua ya kwanza. Lakini ikiwa sehemu mbili zilizochubuka zimelala zikigusana, gundi huziunganisha. Chembe hai huingia katika daraja hilo, mishipa midogo ya damu huota ndani yake, na baada ya siku kadhaa kilichokuwa gundi laini huwa kamba ya kovu ya kudumu. Madaktari huita makovu hayo mishikamano.

Anayefyatua matofali huko Kasulu au Kibondo analijua jambo hili bila kusoma kitabu cha tiba. Tofali bichi likiegemezwa juu ya tofali bichi jingine pasipo nyasi wala mchanga katikati, yakikauka huwa kitu kimoja, na anayejaribu kuyatenganisha huyavunja yote mawili. Nyasi haziliongezei tofali nguvu yoyote. Kazi yake ni kukaa katikati mpaka udongo ukauke. Ute wa kinga unaotiwa tumboni hufanya kazi ya nyasi hizo, ila nyasi hizi hujiondoa zenyewe baada ya kazi, kwa sababu hakuna atakayefungua tumbo tena kwenda kuzitoa.

Mishikamano si jambo la nadra. Uchunguzi wa madaktari wa Uingereza uliochapishwa mwaka 1990 uliwatazama watu 210 waliokuwa wakifunguliwa tumbo baada ya kuwahi kupasuliwa zamani, na asilimia 93 walikutwa nayo. Wengi wao hawakuwa wamepata kujua. Huishi nayo wakilima, wakizaa na kuzeeka. Lakini kwa baadhi, kamba moja ya kovu huukaba utumbo kama kitanzi, na hilo huweza kutokea mwezi mmoja baada ya upasuaji au miaka 20 baadaye. Tumbo huuma kwa mawimbi, hufura, mgonjwa hutapika, choo na hewa hukoma kutoka. Mtu mwenye kovu la zamani tumboni akipatwa na hali hiyo hapaswi kukandwa tumbo wala kunyweshwa dawa ya kuharisha. Anapaswa kufikishwa hospitali siku hiyohiyo, maana utumbo uliokabwa hufa kwa kukosa damu, na saa zinazopotea nyumbani hazirudi.

Kwa wanawake mishikamano ina sura nyingine mbili. Inapoikunja au kuiziba mirija ya uzazi, mimba hukawia au haiji kabisa, na katika vijiji vingi mwanamke hubebeshwa lawama ambayo chanzo chake ni kovu. Na inapokigandisha kibofu kwenye mfuko wa uzazi, upasuaji wa kujifungua unaofuata huwa mgumu. Daktari aliyemfikia mtoto kwa dakika chache mara ya kwanza hulazimika mara ya pili au ya tatu kuchambua makovu polepole, akichelea kukata kibofu au utumbo, huku moyo wa mtoto ukidhoofika. Mkoa wa Kigoma ni miongoni mwa mikoa ya Tanzania ambayo mama mmoja huzaa watoto wengi kwa wastani. Mwanamke aliyepasuliwa kwa mtoto wa kwanza akiwa na miaka 19 ana safari ndefu mbele yake, na hali ya tumbo lake la ndani si suala la wataalamu peke yao.

Ni vyema kukumbuka upasuaji huo ulikotoka katika mkoa huu, kwani lawama dhidi yake husikika mara kwa mara. Dkt. Godfrey Mbaruku alihesabu vifo vya wazazi katika hospitali ya mkoa ya Kigoma kuanzia vile vya mwaka 1984. Vilikuwa 933 kwa kila vizazi hai 100,000. Yeye na wenzake walianzisha hatua 22, nyingi zikitegemea rasilimali zilizokuwapo tayari mkoani, na kufikia mwaka 1991 vifo vilikuwa vimeshuka hadi 186. Taarifa hiyo, aliyoiandika pamoja na Staffan Bergström wa Sweden, ilichapishwa mwaka 1995 na imesomwa katika nchi nyingi. Baadaye, kuanzia mwaka 2006, ulikuja mradi wa afya ya uzazi uliofadhiliwa na Bloomberg Philanthropies, uliosaidia kuvipa vituo vya afya vya vijijini vyumba vya upasuaji na kuwaandaa madaktari wasaidizi, wauguzi na wakunga wa kuvitumia. Mama ambaye zamani angebebwa kwa machela hadi barabarani na kusubiri gari la kwenda mjini sasa anaweza kupasuliwa karibu na kwao. Kasulu na Kibondo zimekuwa na jambo la ziada: kambi za wakimbizi. Nyarugusu ilianzishwa mwaka 1996 na Nduta ilifunguliwa upya mwaka 2015, na wingi wa watu umeongeza pia wingi wa akina mama wanaohitaji huduma hiyo. Upasuaji umeokoa maisha mengi. Kwa sababu hiyohiyo, idadi ya wanaoishi na kovu la ndani imeongezeka, na maswali ambayo zamani yaliulizwa katika miji mikubwa pekee sasa ni ya kata.

Jeli zenyewe zilitoka wapi? Wazo la kitu kinachosaidia mwili kisha kikayeyuka si geni kwa mtu yeyote aliyewahi kushonwa kwa nyuzi ambazo hakuitwa kwenda kutolewa. Kwa muda mrefu nyuzi za namna hiyo zilisokotwa kutokana na utumbo wa kondoo au ng'ombe. Mwaka 1970 uliingia sokoni uzi wa kwanza wa aina hiyo uliotengenezwa kiwandani, ambao huvunjwavunjwa na maji ya mwili yenyewe. Jeli za kinga ni ndugu wa nyuzi hizo, ila mahitaji yake ni magumu zaidi. Uzi unatakiwa kushikilia, na jeli inatakiwa kutenganisha. Inapaswa kung'ang'ania mahali palipolowa damu bila kuteleza, isisumbue viungo, isiwe makao ya vijidudu, ikae siku zile tano hadi saba za hatari, kisha iondoke. Ikiondoka mapema, kazi imepotea. Ikichelewa, mwili huihesabu kuwa mgeni na kuizungushia kovu, yaani kuleta ugonjwa uleule uliokusudiwa kuzuiwa.

Kiungo mashuhuri kuliko vyote ni asidi ya hayaluroni. Mwaka 1934, jijini New York, Karl Meyer na John Palmer waliitenga kutoka katika ute wa jicho la ng'ombe. Baadaye ilikuja kuvunwa kwa wingi kutoka katika ule upanga mwekundu ulio kichwani mwa jogoo, na siku hizi hutengenezwa pia na bakteria wanaofugwa viwandani. Imo katika maungo ya goti, katika ngozi, katika kitovu cha mtoto mchanga. Kwa kuwa mwili wenyewe huitengeneza na kuivunja kila siku, hauitazami kama adui. Udhaifu wake ni huo pia: ikimiminwa tumboni ikiwa tupu, huvunjwa upesi mno. Wataalamu wakaichanganya na selulosi iliyogeuzwa kikemia, inayotokana na nyuzinyuzi za mimea, ili idumu zaidi. Mchanganyiko huo ulizaa karatasi nyembamba inayong'aa, yenye jina la biashara Seprafilm, iliyoidhinishwa nchini Marekani mwaka 1996. Daktari huitandaza juu ya sehemu iliyochubuka kabla ya kufunga tumbo. Baada ya saa 24 hadi 48 huwa jeli laini, ndani ya siku saba hivi hunyonywa na mwili, na katika muda usiozidi siku 28 mabaki yake huwa yametoka.

Njia nyingine ni ya maji. Wanga wa mahindi huchakatwa mpaka upatikane unga uitwao ikodekstrini, ambao ukichanganywa na maji kwa kiwango cha asilimia 4 hutoa kimiminika kinachokaa tumboni kwa siku kadhaa kabla ya kugeuzwa glukosi na kutumiwa na mwili kama chakula. Lita moja huachwa ndani mwishoni mwa upasuaji, na utumbo hubaki ukielea badala ya kulaliana. Marekani iliidhinisha dawa hiyo mwaka 2006 kwa upasuaji wa matundu madogo kwa wanawake. Ni jambo la kufikirisha kwamba zao lililojaa katika ghala za Kasulu huzunguka dunia na kurudi katika chupa ya hospitali kwa bei ambayo mkulima wake hawezi kuilipa.

Habari hizi zingeishia hapa, zingekuwa tangazo la biashara. Hazikuishia hapo. Mwaka 2001 Marekani iliidhinisha jeli nyingine ya asidi ya hayaluroni iliyotiwa chuma ili iwe nzito na idumu. Iliitwa Intergel. Mwaka 2003 kampuni iliyoitengeneza iliiondoa sokoni yenyewe, baada ya kupokelewa taarifa za maumivu makali na za wagonjwa kulazimika kufunguliwa tena. Kuhusu karatasi ya Seprafilm ilibainika kwamba ikizungushiwa mahali ambapo utumbo umekatwa na kuungwa upya, maungio hayo huelekea kuvuja, na onyo hilo sasa limo katika maelekezo yake. Maungio ya utumbo yanahitaji kushikwa na jirani zake ili yapone. Ile gundi inayoogopwa kwingine, hapo ni rafiki.

Na je, jeli na karatasi hizo husaidia kweli? Zinapunguza mishikamano, hilo limeonekana mara nyingi. Swali la mgonjwa ni tofauti kidogo. Mgonjwa hajali idadi ya kamba zilizomo tumboni mwake. Anajali kama utumbo utaziba, kama mimba itapatikana, kama upasuaji ujao utakuwa salama. Jaribio kubwa lililochapishwa mwaka 2006, lililohusisha zaidi ya wagonjwa 1,700 waliokatwa sehemu ya utumbo, lilionyesha kuwa waliopata kuziba kwa utumbo walikuwa sawa kwa pande zote mbili, ambapo walioziba kiasi cha kuhitaji kufunguliwa tena kwa sababu ya mishikamano walikuwa asilimia 1.8 kwa waliowekewa karatasi na asilimia 3.4 kwa wasiowekewa. Ni faida ya kweli, lakini ndogo. Kwa upande wa kujifungua kwa upasuaji, jaribio lililochapishwa Marekani mwaka 2016 halikuona kwamba kuweka karatasi hiyo kulipunguza mishikamano katika upasuaji wa mtoto aliyefuata.

Matokeo hayo yana uzito wa pekee kwa wakazi wa nyanda za juu za Kigoma. Ni rahisi kudhani kwamba mzazi aliyepasuliwa katika kituo cha afya cha kata amenyimwa kitu ambacho mwenzake wa Ulaya alipewa, na kwamba matatizo yake yote yanatokana na kunyimwa huko. Kwa ushahidi uliopo leo, dhana hiyo haina msingi. Fedha ya jeli moja, kama ingepatikana, ingefaa zaidi ikinunua damu salama, mafuta ya gari la wagonjwa au nyuzi bora za kushonea.

Kinachozuia mishikamano kwa sehemu kubwa zaidi ni mkono wa mpasuaji, nao haununuliwi dukani. Viungo vishikwe kwa upole. Damu izuiwe na mabonge yake yasafishwe, kwa kuwa damu iliyoachwa ni mbegu ya gundi. Vitambaa vinavyoingia tumboni vilowanishwe kwa maji ya chumvi yaliyotakaswa, kwani kitambaa kikavu huuchubua utando kama msasa. Glavu nazo zina historia. Kwa miaka mingi zilinyunyiziwa unga ili zivalike kwa urahisi, kwanza wa talki, baadaye wa wanga, na chembe za unga huo zilizodondokea tumboni zilikutwa zimezungukwa na makovu. Kuanzia Januari 2017 Marekani ilipiga marufuku glavu zenye unga katika huduma za tiba. Kituo kinachoagiza glavu zisizo na unga kwa chumba chake cha upasuaji kimefanya jambo kubwa la kuzuia mishikamano, pengine kuliko hospitali yenye jeli ya gharama na mikono yenye haraka.

Hapo mzee mmoja katika kila mkutano huuliza habari ya asali, naye ana haki ya kuuliza. Kibondo na Kasulu ni nchi ya nyuki. Misitu ya miombo inayoshuka kuelekea bonde la Malagarasi imetundikwa mizinga tangu enzi za mababu wa Waha, na asali ya huko hutafutwa na wachuuzi wa mbali. Asali ni ute wa kinga wa asili. Karibu asilimia 80 ya uzito wake ni sukari, na maji yake ni machache, hata vijidudu vinavyotumbukia ndani yake hunyang'anywa maji na kufa. Ina uchachu. Inapolowa kidogo kwa majimaji ya kidonda, kimeng'enya alichokitia nyuki huanza kuzalisha hidrojeni peroksaidi kidogokidogo, dawa ileile ya kusafishia vidonda inayouzwa madukani, ila kwa kiwango kinachowahurumia walio hai. Hukaa kati ya kidonda na kitambaa, na kitambaa kikibanduliwa hakiondoki na nyama mpya. Wamisri wa kale waliitumia kwa majeraha; mafunjo yao ya tiba yaliyoandikwa takriban miaka 1600 kabla ya Kristo yanaitaja.

Tiba ya leo haikuidharau. Mwaka 1988 daktari mpasuaji wa Nigeria, S. E. Efem, alichapisha taarifa ya wagonjwa 59 wenye vidonda na madonda, wengi wao wakiwa wameshindwa kupona kwa dawa za kawaida. Vidonda vya 58 vilipata nafuu kwa asali. Mwaka 2007 Marekani iliruhusu bandeji zenye asali ya tiba. Mapitio ya tafiti nyingi yaliyotolewa na shirika la Cochrane mwaka 2015 yalieleza kwamba asali huharakisha kupona kwa majeraha ya moto yasiyo ya kina kirefu kuliko bandeji za kawaida, na kwamba huyasaidia pia majeraha ya upasuaji yaliyopata maambukizi. Kuhusu ndani ya tumbo, watafiti wa Uturuki walichapisha mwaka 2002 jaribio la kuwatia panya asali baada ya kuwapasua, na mishikamano ilipungua. Panya, si binadamu.

Kutoka hapo hadi kwenye chupa ya asali ya gulioni pana umbali mkubwa. Asali ya tiba huchunguzwa, huchujwa, kisha hupigwa mionzi ya gama. Sababu ya mionzi ni kwamba asali safi kabisa, hata iliyotoka mzingani asubuhi hiyo, huweza kubeba mbegu za kijidudu kinachozalisha sumu ya kupoozesha. Mbegu hizo hustahimili uchachu na sukari, na asali ikichemshwa kwa kusudi la kuziua hupoteza kimeng'enya kinachoipa nguvu. Kwa sababu ya mbegu hizohizo mtoto aliye chini ya mwaka mmoja hapewi asali kabisa, hata tone la kumkaribisha duniani ambalo baadhi ya familia bado hulipenda. Asali ya gulioni huenda pia imechanganywa na maji ya sukari, au imetiwa katika chupa iliyowahi kubeba kitu kingine. Ya nyuki wadogo, inayosifiwa zaidi kwa tiba, kwa kawaida ina maji mengi kuliko ya nyuki wakubwa na huchachuka upesi.

Basi mshono wa mzazi aliyetoka hospitali haupakwi asali ya nyumbani, kama usivyopakwa majivu, samadi, mafuta ya mawese wala dawa ya meno. Huoshwa kwa maji safi na sabuni pale mhudumu atakaporuhusu, hukaushwa kwa kuguswaguswa, huachwa ukavu. Ukivimba, ukinuka, ukitoa usaha au ukifunguka, au homa ikipanda, zahanati ipo. Asali ya nyanda za juu ina siku yake. Nchi ambazo leo huuza asali ya tiba zilianza na wafugaji wa nyuki kama hawa, zikaongeza maabara, vipimo na uaminifu wa lebo. Nchini Tanzania kifaa au dawa ya namna hiyo hupita kwa Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, na jaribio lolote kwa binadamu huhitaji kibali cha maadili ya utafiti na ridhaa ya mgonjwa mwenyewe. Atakayepita kijijini akiuza asali au jeli ya kumeza kwa madai kwamba inayeyusha makovu ya ndani, anauza kisichokuwepo. Hakuna kitu kinachoingia kwa kinywa kikaifikia mishikamano na kuilegeza.

Yapo mambo machache yaliyo katika uwezo wa familia. La kwanza ni karatasi. Mama anayeruhusiwa kutoka hospitali baada ya kupasuliwa aombe iandikwe, katika kadi yake ya kliniki au katika fomu ya kuruhusiwa, sababu ya upasuaji, mfuko wa uzazi ulikatwa kwa namna gani, na kama mishikamano ilionekana. Maandishi hayo ya mistari mitatu humfaa mpasuaji ajaye kuliko jeli yoyote ambayo ingekuwa imeyeyuka zamani. Yatunzwe mahali pakavu pamoja na vyeti vingine vya nyumba, na yaende kliniki tangu hudhurio la kwanza la mimba inayofuata, si siku ya uchungu. La pili ni nafasi kati ya uzazi na uzazi. Shirika la Afya Duniani hushauri mama asubiri angalau miezi 24 baada ya kujifungua kabla ya kubeba mimba nyingine, na ushauri huo una uzito zaidi kwa mwenye kovu kwenye mfuko wa uzazi.

La tatu ni mahali pa kujifungulia. Baadhi ya waliopasuliwa mara moja huweza kujifungua kwa njia ya kawaida mara nyingine, na mhudumu akisema hivyo hana ubahili wa upasuaji. Lakini jaribio hilo hufanyika tu penye chumba cha upasuaji kinachofanya kazi, damu, na mtu wa kuamua usiku wa manane. Zahanati ya kijiji, hata yenye mkunga hodari, si mahali pake. Kwa familia zilizo mbali na barabara, hasa nyakati za masika udongo mwekundu unapoifanya pikipiki kuwa mzigo badala ya usafiri, mipango ya kumsogeza mama karibu na kituo ifanywe katika wiki za mwisho, na kamati ya afya ya kijiji ijulishwe jina lake mapema.

Ipo na haki ya kuuliza. Mgonjwa anayetarajia kupasuliwa anaweza kumuuliza mhudumu wake kama glavu zina unga, nyuzi zitakuwa za aina gani, na kama kuna kitu kitakachoachwa ndani ya mwili wake. Katika hospitali ya rufaa jibu la swali la mwisho huenda likawa ndiyo. Hapo aelezwe kitu hicho ni nini, kitakaa siku ngapi na kitatokaje, na jina lake liandikwe katika karatasi ileile ya kuruhusiwa.